Asilimia Zisiwe Kichaka cha Uzembe

Katika ofisi nyingi zinazosimamia mitambo, kila mwisho wa mwezi hutolewa karatasi moja ambayo wakubwa huipenda kuliko nyingine zote. Karatasi hiyo hutoka katika programu ya kompyuta ya kupangia matengenezo ya kinga, yaani yale yanayofanywa kabla mashine haijaharibika: kubadili oili, kutia grisi, kukaza nati, kupima uchakavu. Juu yake huandikwa tarakimu moja kubwa: asilimia 95 ya kazi zilizopangwa zimetimizwa. Mkuu wa idara huitazama, hufurahi, hutia saini, na karatasi huingia katika faili. Wiki mbili baadaye pampu ya maji hukatika mhimili, mji mzima hukosa maji, na fundi wa zamu huitwa kujieleza.

Ni dhahiri kwamba hapo pana jambo lililofichwa. Ama pampu ilihudumiwa kwa wakati wake ikaharibika kwa sababu nyingine, ama haikuhudumiwa na karatasi ikanyamaza. Ile asilimia 95 haiwezi kujibu swali hilo, kwa kuwa haikutengenezwa ili ilijibu. Inaeleza ni kazi ngapi zimehesabiwa kuwa zimetimia. Haielezi zile tano katika kila mia ni zipi, zimechelewa siku ngapi, wala tarehe iliyotumika kupimia ilikuwa tarehe gani. Kipimo kinachofaa ni kingine, nacho ni umbali kati ya siku ambayo kazi ilipaswa kufanywa na siku ambayo mikono ya fundi iligusa mashine. Huo ndio tofauti ya ratiba. Huhesabiwa kwa siku, kwa saa za mashine kufanya kazi, au kwa kilomita zilizokwendwa. Aliyefundishwa kutoa na kujumlisha anaweza kuukokotoa. Kinachokosekana ni nia ya kuuandika na kuusoma.

Waswahili husema kawia ufike. Msemo huo ni hekima kwa msafiri, lakini ni sumu katika karakana. Fani inayokosa oili haimngoji aliyekawia. Hula chuma chake kimya kimya, na siku anapofika hukuta kazi ya kinga imekwisha kugeuka kazi ya mazishi.

Udanganyifu wa kwanza unaopaswa kufichuliwa ni ule wa tarehe inayohama. Katika viwanda vingi duniani hutumika desturi ya sehemu moja ya kumi: kazi ya kila siku 30 ikichelewa kwa siku zisizozidi 3, huhesabiwa kuwa imefanywa kwa wakati. Desturi hiyo peke yake haina ubaya, maana hakuna karakana isiyopatwa na dharura. Ubaya huanza pale programu inapopanga tarehe ijayo kwa kuhesabu tangu kazi ilipofanywa, na si tangu ilipopaswa kufanywa. Ichukuliwe pampu moja inayohudumiwa kila siku 30. Mara ya kwanza inahudumiwa siku ya 33, mara ya pili siku ya 66, mara ya tatu siku ya 99. Kila mara imechelewa siku 3 tu, na kila mara programu inaandika kwamba kazi imetimizwa kwa wakati. Mwaka unapokwisha, pampu imehudumiwa mara 11 badala ya mara 12. Huduma ya kumi na mbili, iliyopaswa kufanywa siku ya 360, inafanywa siku ya 396. Siku 36 zimepotea, yaani zaidi ya zamu moja nzima ya huduma, na taarifa ya mwaka inasema asilimia 100!

Hapo hakuna aliyesema uongo. Fundi aliandika kweli, msimamizi aliandika kweli, na kompyuta ilihesabu barabara. Uongo umo katika mstari wenyewe uliotumika kupimia, kwa sababu mstari huo ulikuwa ukisogea pamoja na anayepimwa. Mkulima anayepima shamba kwa kamba inayorefuka hawezi kujua ukubwa wa shamba lake, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.

Wala isidhaniwe kwamba kompyuta ndiyo mkosaji. Kompyuta hufanya ilichoambiwa na binadamu. Katika programu ya SAP, inayotumiwa na mashirika mengi makubwa, pana mahali pa kuandika asilimia itakayoamua ucheleweshaji uisogeze tarehe ijayo kwa kiasi gani. Ikiandikwa 100, tarehe ijayo husogea kwa siku zote zilizochelewa. Ikiandikwa 0, haisogei. Katika programu ya Maximo pana kisanduku cha kutia alama, kinachoamua kama tarehe ijayo ihesabiwe tangu kazi iliyopita ilipomalizika au tangu ilipopangwa kuanza. Ni alama moja tu, na mara nyingi hutiwa siku programu inapofungwa, na mtu ambaye hatakuwapo mashine itakapovunjika. Mkuu wa idara ambaye hajapata kuuliza alama hiyo imekaaje hana haki ya kujivunia asilimia zake.

Ni kweli kwamba ziko kazi ambazo tarehe yake inafaa kuhesabiwa tangu zilipofanywa. Oili iliyobadilishwa jana haihitaji kubadilishwa tena kesho kwa sababu tu kalenda imesema hivyo. Tena tarehe isiyosogea nayo ina hila yake: kazi ya kila siku 30 ikichelewa siku 20, ijayo ikafanywa kwa tarehe yake, mashine itakuwa imekaa siku 50 bila huduma, kisha ikahudumiwa baada ya siku 10. Kwa sababu hiyo hapana budi mambo mawili yapimwe sambamba: kazi ilikuwa mbali kiasi gani na tarehe yake ya awali, na mashine ilikaa muda gani hasa kati ya huduma moja na nyingine. Anayepima jambo moja na kuacha la pili amefumba jicho moja.

Wale wanaodhani kwamba mambo haya ni hesabu za ofisini tu wanapaswa kukumbushwa yaliyotokea Marekani tarehe 31 Januari, 2000. Siku hiyo ndege ya aina ya MD-83 ya shirika la Alaska Airlines, safari namba 261, ilikuwa ikitoka Puerto Vallarta nchini Meksiko kuelekea San Francisco na Seattle. Ilitumbukia baharini karibu na kisiwa cha Anacapa, California, na watu wote 88 waliokuwamo wakafa. Bodi ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo ilitoa uamuzi wake Desemba 2002. Chanzo kilikuwa skrubu moja kubwa inayoendesha bawa la mkiani, ambalo huinua na kushusha pua ya ndege. Skrubu hiyo hupita ndani ya nati, na meno ya nati yalikuwa yamelika kwa kukosa grisi ya kutosha. Kiasi cha asilimia 90 ya unene wa meno kilikuwa kimekwisha kabla ya sehemu iliyobaki kukatika.

Historia ya grisi hiyo inafaa isomwe na kila mwenye dhamana ya mitambo. Mwaka 1987 shirika lilikuwa likitia grisi mahali hapo kila baada ya saa 500 za kuruka. Mwaka 1988 muda ulifanywa saa 1,000. Mwaka 1991 ukawa saa 1,200, na mwaka 1994 ukawa saa 1,600. Mwaka 1996 kazi hiyo iliwekwa katika hesabu ya kalenda, kila miezi 8, bila kikomo chochote cha saa za kuruka. Kwa jinsi ndege zilivyokuwa zikitumika, miezi hiyo 8 ilikuwa sawa na saa 2,550 hivi. Katika miaka 9, muda wa kukaa bila grisi ulikuwa umeongezeka mara tano. Muda wa kupima uchakavu wa meno hayo nao ulirefushwa, kutoka saa 5,000 mwaka 1985 hadi miezi 30 mwaka 1996, ambayo ni saa 9,550 hivi.

Sasa liulizwe swali lililo kiini cha jambo hili: ndege hiyo ilikuwa imechelewa siku ngapi? Kwa mujibu wa kumbukumbu, haikuchelewa hata siku moja. Kadi ya kutia grisi ilitiwa saini Septemba 1999, miezi minne tu kabla ya ajali, na muda ulioruhusiwa ulikuwa miezi 8. Uchakavu ulipimwa mara ya mwisho Septemba 1997, na miezi 30 ilikuwa bado haijatimia. Karatasi ya asilimia ingalisema 100. Lakini wachunguzi hawakukuta grisi yenye kufaa mahali skrubu na nati zinapokutana. Kadi ilikuwa safi, na chuma kilikuwa kikavu.

Katika mkasa huo mstari haukuhamishwa na kompyuta wala na fundi mvivu. Ulihamishwa hatua kwa hatua na watu wenye vyeo, na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ikaidhinisha. Bodi iliuhesabu urefushaji huo wa muda, pamoja na idhini yenyewe, kuwa miongoni mwa mambo yaliyochangia ajali. Lau katika kila taarifa ya mwezi ingaliandikwa safu moja tu ya kulinganisha muda wa sasa na muda wa mwaka 1987, kila msomaji angaliona tarakimu ikipanda kutoka moja hadi tano. Kila hatua ilipotazamwa peke yake ilionekana ndogo. Mstari wa kwanza ulikuwa umesahauliwa, na pasipo mstari wa kwanza hakuna awezaye kusema kwamba amepotea njia.

Ziko hila nyingine ndogo zinazostahili kuanikwa juani. Iko hila ya wastani: kazi moja ikiwahi siku 25 na nyingine ikichelewa siku 25, wastani wake ni sifuri, na idara husifiwa kwa kufuata ratiba barabara. Iko hila ya kufunga mwezi: kazi iliyoshindikana mwezi wa Machi huhesabiwa kosa mwezi wa Machi tu. Aprili inapofika haimo tena katika hesabu, maana haikupangwa Aprili, na inaweza kulala miezi sita bila kuharibu asilimia ya mwezi wowote. Iko hila ya kuchanganya vikubwa na vidogo: kuchelewa siku 7 kwa kazi ya kila wiki ni kuruka zamu nzima, lakini kwa kazi ya kila mwaka ni chini ya asilimia 2 ya muda wake, na bado zote mbili huandikwa kuwa zimechelewa wiki moja. Iko hila ya kufunga hati: kazi hufanywa tarehe 20, hati hufungwa kwa tarehe ya 10, na siku kumi hufutika kwa kalamu.

Iko pia hila mbaya kuliko zote, ya kuhesabu kazi bila kuzipima uzito. Kupaka rangi lango la stoo ni kazi moja. Kujaribu jenereta ya chumba cha upasuaji ni kazi moja. Anayetaka asilimia nzuri hufanya kwanza zilizo nyepesi, akaacha tano zilizo ngumu, na hizo tano mara nyingi ndizo zinazobeba roho za watu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ubaya ni kwamba katika jambo hili mfichaji huwa mmoja, na anayekufa huwa mwingine.

Kuna wanaodai kwamba tarehe za matengenezo si msahafu, na kwamba nyingi ziliwekwa kwa kukisia tu. Dai hilo lina ukweli ndani yake. Mwaka 1978 wahandisi wawili wa shirika la ndege la United Airlines, Stanley Nowlan na Howard Heap, waliiandikia Wizara ya Ulinzi ya Marekani ripoti iliyokuja kuwa maarufu. Walionyesha kwamba kati ya vipuri vya ndege walivyovichunguza, asilimia 89 havikunufaika kwa kuwekewa kikomo cha umri. Lakini ripoti hiyo haikusema grisi isitiwe wala ukaguzi uachwe. Ilisema muda wa kila kazi uwekwe kwa ushahidi. Na ushahidi utatoka wapi, ikiwa hakuna aliyeandika mashine ilikaa siku ngapi hasa kati ya huduma na huduma? Anayetaka kurefusha muda na aurefushe mchana, kwa hoja, kwa vipimo na kwa saini yake. Kuuacha urefuke wenyewe kwa siku 3 kila mwezi, kisha kuuita uzoefu, si sayansi.

Wengine hudai kwamba kupima kwa ukali kutazuia kazi, maana mtambo hauwezi kusimamishwa kila kalenda inapolia. Nalo hilo si dai la kupuuzwa. Vinu vya nyuklia vya Marekani vina kanuni inayoruhusu majaribio ya usalama kuchelewa hadi robo ya muda wake. Hapo zamani kanuni hiyo ilikuwa na kufuli la pili: vipindi vitatu mfululizo, vikijumlishwa, visizidi muda uliowekwa mara 3.25. Kwa kazi ya kila siku 100, kila kipindi kingeweza kufika siku 125, lakini vitatu pamoja visizidi 325. Waliotunga kanuni hiyo walikwisha kutambua kwamba ruhusa ikitumiwa kila mara hugeuka sheria mpya. Mwaka 1989 mamlaka ya nyuklia ya nchi hiyo iliruhusu kufuli hilo liondolewe, kwa kuwa liliweza kulazimisha kinu kuzimwa ili kujaribiwa, na kuzima nako kuna hatari zake. Hata hivyo maelezo ya kanuni yaliendelea kutamka kwamba robo hiyo haikukusudiwa kutumiwa mara kwa mara kwa ajili ya urahisi wa kazi tu. Walilegeza kwa sababu iliyoandikwa, na mpaka wakaubakiza. Kuna tofauti kubwa kati ya kulegeza kamba kwa hesabu na kuisahau mkononi.

Dai la tatu ndilo linalogusa watu zaidi. Husemwa kwamba kipimo cha siku kitawaonea mafundi. Ukweli ni kinyume chake. Chini ya utawala wa asilimia, fundi ndiye anayebeba lawama zote, kwa kuwa karatasi haionyeshi chochote ila kwamba kazi imekwisha au haikwisha. Lakini kazi huchelewa kwa sababu zinazojulikana: kipuri hakikununuliwa, mashine haikuachiliwa na wazalishaji, gari halikuwa na mafuta, watu wawili walipewa kazi ya watu watano. Sababu hizo zikiandikwa mbele ya kila siku iliyochelewa, itaonekana waziwazi ni siku ngapi zilipotelea karakana, ngapi zilipotelea stoo na ngapi zilipotelea juu ya meza ya mkubwa asiyetia saini. Ndiyo maana wako wakubwa wanaoipenda asilimia: haina jina la mtu.

Wala isidhaniwe kwamba kupima tarehe kunatosha. Ndege ile ya mwaka 2000 ni ushahidi kwamba kadi inaweza kutiwa saini na grisi isifike mahali pake. Kipimo cha ratiba hakichukui nafasi ya jicho la mkaguzi wala dhamiri ya fundi. Kazi yake ni kuonyesha mahali pa kutazama, na hiyo si kazi ndogo kwa idara yenye mashine elfu moja na wakaguzi watatu.

Yanayotakiwa basi si makubwa, wala hayahitaji programu mpya ya mamilioni. Tarehe ya kwanza ya kila kazi isifutwe kamwe, hata tarehe ya kufanyia ikisogezwa. Kuwahi na kuchelewa kuandikwe katika safu mbili, pasiwe na kufidiana. Ucheleweshaji uandikwe kwa siku na pia kwa sehemu ya muda wa kazi yenyewe. Siku inayohesabiwa iwe ile kazi ilipofanywa, na si ile hati ilipofungwa. Kazi zilizolala ziorodheshwe kwa jina la mashine, iliyolala muda mrefu na iliyo ya hatari zaidi ikiwa ya kwanza, na zibaki katika orodha mpaka zifanyike. Kila siku iliyopotea iwe na sababu yake. Na kila muda unaporefushwa, pawekwe jina la aliyeamua, ushahidi alioutegemea, na muda wa zamani pembeni yake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo kila mtoto anaijua. Ambalo halisemwi ni kwamba ufa hauzibwi na karatasi inayodai kuwa asilimia 95 ya nyufa zimezibwa. Wananchi wanaokunywa maji ya pampu, wanaolazwa hospitali zenye jenereta na wanaopanda vyombo vya usafiri hawapati huduma ya wastani wa mashine zote. Kila mmoja wao hutegemea mashine moja, siku moja. Wenye dhamana watakapoletewa tena ile karatasi yenye tarakimu moja kubwa, wasitie saini kwanza. Waulize: zilizobaki ni zipi, zimechelewa siku ngapi, na zimepimwa kwa mstari gani? Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu hajui hali ya mitambo aliyokabidhiwa, na asiyejua hali ya alichokabidhiwa hastahili kuendelea kukabidhiwa.